Usiegemee Ukuta

"Usiegemee ukuta!"

Bibi hakuwa na haja ya kugeuka. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo ameupa mlango wa chumba, na bado alijua kwamba mmoja wetu ameshajibwaga ukutani. Tulikuwa tunatoka skuli mchana na ushungi mweupe, na ushungi mweupe ukigusa ukuta ule ulitoka na alama ya buluu begani, utadhani mtu kakupiga kwa mfuko wa unga. Darasani ilikuwa inajulikana nani kalala kwa bibi yake. Watu wazima nao walikuwa na taabu yao, kwa sababu buibui jeusi na chokaa havijapatana tangu dunia kuumbwa. Nimeona mgeni wa harusi akipigwapigwa mgongoni na mashoga zake mlangoni kabla hawajatoka njiani, vumbi la buluu likiruka, yeye akilalama kwamba nyumba gani hii haina rangi ya maana.

Chumba kilikuwa ghorofa ya chini, kwenye nyumba ya mawe pale Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Buluu yake ilikuwa imepauka kama khanga ya kulalia. Kila mwaka, ikikaribia Idi au kukiwa na harusi, ami yangu mmoja alikuja na ndoo na burashi ya katani, vitanda vikasogezwa katikati, vikafunikwa mikeka, na hadi jioni chumba kilikuwa kinanuka maji na mawe. Harufu ile naikumbuka kuliko sura ya ami mwenyewe.

Nilikua nikiamini kwamba rangi inayotoka mkononi ni rangi ya watu wasio na uwezo. Wenye uwezo walikuwa na kuta zinazong'aa, unapitisha kitambaa cha sabuni na doa linaondoka. Nikajiapia kwamba nikipata kazi, nitampakia bibi rangi ya kweli.

Kazi nikapata. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, lakini chumba kilikuwepo, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa ndani yake na shangazi. Nikanunua ndoo mbili za lita ishirini, rangi ya maji ya dukani, ile ya kung'aa. Rangi niliyochagua ilikuwa buluu, kwa heshima ya bibi. Muuzaji akanihakikishia miaka kumi. Kijana aliyekuja kupaka akaniambia chini ya ukuta pamechakaa, bora tupige lipu ya saruji kwanza, kimo cha mtu, ili rangi ishike vizuri. Nikasema piga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Methali haikusema tuzibe kwa nini.

Ilikaa masika mawili.

Ya kwanza yalipita kwa amani na mimi nikawa napokea sifa. Ya pili, mwezi wa Mei, ukuta ukaanza kutoa malengelenge. Nililibonyeza moja kwa kidole, ndani yake mlikuwa na maji. Lilipopasuka, rangi ikaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe unaometameta. Niliulamba. Ndiyo, niliulamba, na ulikuwa chumvi. Wiki moja baadaye ikadondoka bonge ya lipu nene kama mkate wa kumimina, ikavunja kioo cha meza ya shangazi. Na unyevu, ambao zamani uliishia magotini, sasa ulikuwa umepanda hadi juu ya lipu ya saruji na unachungulia karibu na kidaka ambamo bibi alikuwa akiweka msahafu.

Shangazi hakusema kitu. Alikusanya vipande vya kioo, kisha akaniuliza kama ile miaka kumi imeshafika.

Nilichokuwa sikijui ni ukuta wenyewe. Kuta hizi hazikujengwa kwa matofali. Ni mawe ya matumbawe, yameshikanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu, unene nusu mita na zaidi. Dari inabebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Jiwe la matumbawe lilikuwa nyumba ya viumbe vya baharini na limejaa vitundu. Linakunywa. Maji yanapanda kutoka ardhini, mvua inapiga kwa nje, na hewa ya pwani yenyewe ina chumvi yake. Maji kuingia si msiba kwa ukuta wa namna hii, maana umezoea kuingiwa. Msiba ni yakikosa pa kutokea. Lipu ya chokaa na rangi ya chokaa vina vinyweleo kama jiwe lenyewe, kwa hiyo unyevu unaoingia usiku unatoka mchana, na chumvi inatokea usoni ikafagiliwa. Rangi ya dukani ni utando wa plastiki. Nilikuwa nimeuvisha ukuta koti la mvua ndani ya ngozi. Maji yalipofika nyuma ya utando yakasimama, yakakauka polepole, yakaacha chumvi papo hapo. Chumvi ikiganda ndani ya kitundu inakua, na haina pa kukulia isipokuwa kulivunja jiwe. Na saruji, kwa kuwa ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi, iliyasukuma maji yapande juu zaidi kutafuta upenyo. Ndiyo yale ya kwenye kidaka.

Mambo haya nisingeyatafuta mapema hivyo kama si siku ile ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib ilipoanguka. Jumba la Sultan Barghash, la mwaka 1883, limesimama mbele ya Forodhani tangu enzi za babu zetu, likaporomoka mchana likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Sisemi lilianguka kwa sababu ya rangi. Jumba lile lilikuwa na maradhi yake makubwa ya miaka mingi. Nasema tu kwamba jioni ile, vichochoroni, kila mtu aliingia kwake akautazama ukuta wake kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa na wa kwangu wenye malengelenge.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, mwashi, anayekaa Kikwajuni, ambaye ujana wake wote aliupitisha kwenye kuta za misikiti na nyumba za wakfu. Nikaenda kumpigia hodi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umeshatia saruji?" Hajaniuliza hata jina.

Alikuja kesho yake na kisu kidogo na ndimu mfukoni. Nilidhani ndimu ni ya chai. Akaikata, akakamulia matone mawili juu ya rangi yangu ya dukani. Matone yakateremka yakaanguka chini. Kisha akasogeza kabati la bibi, akafika kwenye pembe ambayo yule kijana aliona uvivu kuifikia, na pale buluu ya zamani ilikuwa bado ipo. Akakamua tena. Pakatoka povu dogo, na nikiweka sikio karibu niliisikia ikichachatika kama soda.

"Hili ni jiwe," akasema. "Hilo jingine ni nailoni."

Akabandua kwa ncha ya kisu kipande sawa na ukucha wa kidole gumba, akanitilia kiganjani. Ukikitazama kwa ubavu kilikuwa na matabaka kama mkate wa ufuta uliokatwa. Nikapiga picha kwa simu nikaikuza: nilihesabu kumi na nne. Buluu, buluu, waridi hafifu, buluu, nyeupe, manjano ya udongo, buluu tena, na kuendelea hadi chini kabisa, nyeupe tupu. Kila tabaka ni Idi moja au harusi moja. Lile la waridi shangazi alilitambua mara moja, ni la harusi yake. Alikichukua kipande kile kutoka mkononi mwangu na sikurudishiwa hadi baada ya magharibi.

Hapo niseme jambo linalonikera kidogo. Tangu Mji Mkongwe uingie kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hoteli nyingi zilizofunguliwa ndani ya nyumba za zamani zimepaka kila kitu cheupe, ndani na nje, ukidhani watu wa pwani hawakuwahi kuona rangi. Weupe una historia yake, siukatai. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Malindi mwaka 1498 waliandika kwamba nyumba zake ni ndefu na zimepakwa chokaa vizuri, na mji mweupe unaoonekana kutoka baharini ulikuwa ni tangazo la biashara kuliko bendera. Lakini ndani, ukikwangua pembe ambayo hakuna aliyeifikia, unakutana na buluu na waridi na kijani cha ndizi mbichi. Rangi ilikuwa ya wenyeji. Nyeupe tulimwekea mgeni, na mpaka leo, hata kule bara, siku ya mgeni rasmi utaona wanafunzi wanapaka chokaa mawe ya kando ya njia na vigogo vya miti.

Turudi kwenye kazi. Kubandua nailoni kulichukua siku tisa. Saruji ilichukua zaidi, kwa patasi na nyundo ndogo, maana ukipiga kwa nguvu unaondoka na jiwe. Mzee alipiga lipu mpya ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, si mchanga wa ufukweni. Kisha akasema tusubiri. Tulisubiri hadi nikaanza kumwona mvivu.

Wakati wa kusubiri ndipo nilipoielewa chokaa, na ni elimu ambayo naona aibu kwamba nilifika utu uzima bila kuwa nayo, nami nimezaliwa ndani yake. Chokaa ni jiwe lililosafiri likarudi. Kwenye tanuu la kienyeji, magogo hupangwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu, moto ukawashwa. Joto likifika kama nyuzi 900, jiwe linatoa hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Jiwe safi la kilo 100 linabaki kilo 56 tu, umbo lile lile lakini jepesi, utalibeba ukidhani limeoza. Hiyo ni chokaa mbichi, na ni hatari, ikigusa maji inachemka yenyewe bila moto. Kuimwagia maji ndiko kuizima. Ikishazimwa inakuwa uji laini, na uji huo ukipakwa ukutani unaanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka hewani, siku kwa siku, mpaka unarudi kuwa jiwe lile lile lililotoka baharini. Kwa hiyo ami yangu na ndoo yake hakuwa anapaka ukuta rangi. Alikuwa anauongezea jiwe, unene wa karatasi, kila mwaka.

Sitaki kuisifia kupita kiasi. Tanuu moja linakula magogo mengi, na pako mahali, Mafia ni mfano unaojulikana, ambapo matumbawe yalitolewa baharini yakiwa hai kwa ajili ya kuchoma chokaa. Sisi tulitumia ya mfuko, iliyokwishazimwa, inayovushwa kutoka bara. Mzee aliitazama ile mifuko kama mtu anayetazama samaki wa barafu, lakini akaikubali kwa sharti moja: iloweke ndani ya pipa, maji yasimame juu yake kiasi cha kidole, na isiguswe mwezi mzima. "Chokaa ni kama achari," alisema. Ilipofunguliwa ilikuwa nyororo kama siagi, haina chembe.

Sasa rangi.

Nikiwa na miaka tisa hivi niliwahi kuharibu ndoo nzima ya ami. Nilitaka ukuta wa manjano, nikafikiria kwa akili yangu kwamba manjano ni manjano, nikachota bizari ya manjano kwenye kopo la bibi, vijiko sijui vingapi, nikaitia ndani ya chokaa na kukoroga. Ikawa nyekundu. Si nyekundu kidogo, nyekundu ya damu. Nikapiga kelele nikidhani nimejikata. Bibi alitoka jikoni mbio, akaona ndoo, akaona kopo, akakaa chini akacheka hadi akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Ami hakucheka, lakini kwa ubahili alipaka ile rangi kwenye ukuta wa choo. Kwa siku kadhaa choo kilikuwa chekundu, kisha kikageuka manjano taratibu, kisha ile sehemu inayopata jua ikawa nyeupe kabisa kama haijawahi kuguswa.

Miaka thelathini baadaye mzee wa Kikwajuni alinieleza kilichotokea. Chokaa ambayo haijakauka ni kali kuliko magadi, na rangi nyingi zinazotoka kwenye mimea haziuwezi ukali huo, zinageuka au zinakufa. Bizari ya manjano inageuka nyekundu ikikutana na ukali, na ukuta unapopoa na kuwa jiwe inarudi ilivyokuwa, halafu jua linaimaliza. Rangi zinazokubali kuishi na chokaa ni zile zilizotoka ardhini zenyewe. Udongo mwekundu, ule wa kinongo wa mashambani kwetu, ukilowekwa na kumiminwa mara tatu hadi mchanga wote ubaki chini, unatoa waridi la harusi ya shangazi. Unga wa oksaidi, ule ule tunaotia kwenye sakafu nyekundu, upo pia wa manjano na mweusi, na hauogopi kitu.

Na buluu? Buluu ya bibi ilikuwa buluu ya kufulia. Vile vidonge vilivyofungwa kwenye kitambaa, vilivyotiwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia ili kanzu isiwe na umanjano. Unga wake unaitwa ultramarini. Zamani sana ulisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani, na tangu karne ya 19 unatengenezwa viwandani kwa bei ya kila mtu, na chokaa haiuli. Nilipoambiwa hivyo nilibaki nimeduwaa. Buluu iliyoufanya ushungi wangu uwe mweupe ndiyo hiyo hiyo iliyouchafua.

Nikaenda kununua chupa ya buluu ya kufulia ya maji, ya siku hizi, nikijiona mjanja. Nikaijaribu nyuma ya mlango. Baada ya wiki moja ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Bila shaka hiyo ilikuwa buluu ya jamii nyingine, ya Prussia, inayotengenezwa kwa chuma: ukali wa chokaa unaivunja na kinachobaki ni kutu. Kwa hiyo kabla hujapaka chumba kizima, paka kipande nyuma ya mlango usubiri wiki mbili. Huo ndio ushauri pekee nitakaoutoa hapa kwa sauti ya ukali. Mwishowe niliupata unga wa ultramarini kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi, kwenye mfuko usio na jina.

Unga wa rangi unalowekwa kwanza peke yake kwa maji ya moto usiku kucha, unakorogwa hadi usiwe na madonge, ndipo unatiwa kwenye chokaa na kuchujwa kwa melimeli. Usizidishe. Rangi ikizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, hakuna chokaa ya kutosha kuishika, na hapo ndipo ukuta unapoanza kuwapaka watu mabegani. Kumbe bibi, au ami, alikuwa akizidisha! Alipenda buluu iliyokolea na bei ya kukolea ililipwa na mashungi yetu. Mzee alinionya pia kuhusu chumvi. Wako mafundi wanaotia chumvi ndani ya ndoo ili chokaa isikauke upesi. "Ukuta wako una chumvi ya kutosha kupikia harusi," alisema. Alitia maziwa yaliyotolewa mafuta, kidogo, kwa ajili ya kushika. Chumba kilinuka mtindi siku mbili.

Tulipaka mwezi wa Julai, kipupwe, kwa sababu chokaa inataka kukauka taratibu na jua la kiangazi linaikausha kabla haijaanza kuwa jiwe. Asubuhi tuliulowesha ukuta kwa burashi na maji matupu hadi ukaacha kunywa kwa pupa. Mzee akachovya kijiti ndani ya ndoo, akakiinua, akatazama inavyochuruzika.

"Nzito. Nataka tui la pili, mwanangu, hili ni kasimele."

Nikaongeza maji hadi nikaona aibu, maana kilichobaki kwenye ndoo kilikuwa kama maji yaliyosuuziwa vyombo. Nikapaka. Hakikuonekana kitu. Ukuta ulikuwa umelowa, kijivu, na mistari ya buluu ya kuchekesha. Shangazi alichungulia mlangoni akasema, "Mnaosha ukuta au mnapaka?" Mzee hakumjibu. Baada ya saa moja hivi upande niliouanza ulianza kubadilika, si kwa kukauka tu, ni kama mtu anawasha taa nyuma ya ukuta polepole. Rangi ya chokaa ikiwa mbichi ni giza na inaonyesha kilicho chini yake. Ikikauka inafunga na kuwa nyepesi mara kadhaa kuliko ulivyoiona kwenye ndoo. Ndiyo maana watu wengi hukata tamaa mkono wa kwanza wakaifanya nzito, na ikiwa nzito inapasuka na kupukutika kama magamba. Ni nyembamba, na tena, na tena. Mkono mmoja kwa siku, na kulowesha kila asubuhi kabla ya mkono mpya. Tulipiga minne.

Siku ya tatu tone liliniingia jichoni. Nawaambia kwa sababu ninaowaona mitandaoni wakipaka hawavai miwani: maji safi, mengi, papo hapo, dakika nyingi, kisha hospitali. Nilikaa siku moja na jicho limefungwa. Mikono niliipaka mafuta ya nazi kila jioni na bado vidole vilipasuka kama nimefua nguo za mtaa mzima.

Burashi ya katani inaacha alama. Ukisimama upande wa dirisha asubuhi unaziona, mikwaruzo inayopishana, na pale chini ya kidaka kuna mahali nilipochoka mkono nikapaka kwa kulala badala ya kukatiza. Buluu yenyewe haiko sawa ukuta mzima. Karibu na mlango imekolea, kwenye pembe ya kabati imefifia, na mvua ikinyesha sehemu ya chini inageuka karibu kijivu kisha jua likitoka inarudi. Mtu aliyezoea rangi ya dukani ataona kazi mbovu. Masika mawili yameshapita. Chini kuna chumvi kidogo inayotoka, shangazi anaifagia kwa ufagio wa chelewa, na malengelenge hakuna.

Inabidi kurudia, hilo sifichi. Miaka kumi ya muuzaji haimo humu, na labda hata mitatu. Lakini mfuko wa kilo 25 na unga wa rangi haufiki robo ya bei ya zile ndoo zangu mbili, na sasa najua kupaka mwenyewe. Mtu akiniuliza kuhusu nyumba yake ya matofali ya saruji huko Fuoni, namwambia inawezekana, mradi lipu haijawahi kupakwa rangi ya plastiki, kwa sababu chokaa haishiki juu ya nailoni. Ila kwake ni suala la kupenda. Kwangu ni suala la jiwe.

Tulipomaliza, watu walikuja kutazama, na ubishi ukaanza. Ami, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alisema buluu ya mama yake haikuwa hivi, ilikuwa na ukijani. Shangazi akasema ukijani ulikuwa kwenye macho ya ami, buluu ya mama ilikuwa imekolea zaidi. Nikaleta kile kipande sawa na ukucha, ninachokihifadhi ndani ya kibweta cha bibi cha pete. Tukakiweka dirishani, nikakikuza kwenye simu. Buluu zilikuwa saba, hakuna mbili zinazofanana, na moja, ya tano kutoka juu, kweli ilikuwa na ukijani. Ami aligonga sakafu kwa mkongojo kama aliyeshinda kesi.

Mzee wa Kikwajuni hakuingia kwenye ubishi. Alikuwa anaosha burashi. Alinionyesha ndoo iliyobaki robo akasema isimwagwe, juu yake patiwe maji kiasi cha kidole, ifunikwe, iwekwe chini ya ngazi. Ipo hapo mpaka leo. Juzi niliifunua: juu ya maji palikuwa na utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemshwa, mgumu, na nilipougusa ulivunjika kwa sauti ya yai. Chini yake buluu ilikuwa laini vile vile. Kwenye kifuniko nimeandika kwa kalamu ya wino mzito vikombe vingapi vya unga kwa ndoo moja ya chokaa, na pembeni yake shangazi ameongeza kwa mwandiko wake: "kidogo zaidi".